Maswali ya Wasomaji: Mgeni, Bunduki na Usalama Ughaibuni

Barua zilizofika mezani kwangu tangu toleo lililopita zimeelekea upande mmoja kiasi kwamba nimeona nizijibu kwa pamoja. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Wanaosoma safu hii kwa mara ya kwanza wajue kwamba mimi si wakili. Nimefanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, huku Marekani, kwa miaka kumi na saba, na mengi ninayoyasema hapa nimeyajua nikiwa nimeketi kando ya mshitakiwa nikimnong'oneza maneno ya jaji.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili mjini Houston, Texas, na nina viza ya masomo, F-1. Mwezi uliopita, nikitoka maktaba saa tano usiku, vijana wawili walinisimamisha kwenye maegesho ya magari ya fleti ninakopanga. Mmoja aliinua fulana nione kitako cha bastola kiunoni, wakachukua simu, kompyuta na pochi. Tangu siku hiyo silali vizuri. Wenzangu wawili ninaoishi nao ni raia, na wananiambia kwamba Texas siku hizi haidai kibali, kwa hiyo ninunue bastola yangu, au kwa kuanzia niende nao Jumamosi kwenye uwanja wa kulenga shabaha nikajifunze. Kumiliki najua huenda kukawa na shida, lakini kufyatua mara moja na kuirudisha kuna ubaya gani? (Mwanafunzi, Houston)

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa yaliyokukuta. Usinunue, na Jumamosi usiende.

Neno linalokupoteza ni hilo la kumiliki. Kwa Kiswahili chetu anayemiliki ni mwenye mali: bunduki ni ya fulani, mimi nimeishika tu. Sheria ya shirikisho ya Marekani haiulizi ni mali ya nani. Neno inalolitumia maana yake ni kuwa na kitu, kukishika, au kukiweka mahali ambapo unaweza kukifikia na kukitumia upendavyo. Katika kesi yangu ya kwanza ya silaha nililitafsiri neno hilo kwa "kumiliki", na mshitakiwa akatikisa kichwa kwa nguvu, akasema hakumiliki kitu, bunduki ilikuwa ya shemeji yake. Wakili wake alinigeukia akiwa amekunja uso, nami nikalazimika kumwomba jaji ruhusa ya kurekebisha tafsiri yangu mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo nasema "kuwa nayo", hata kama sentensi inakosa uzuri.

Sheria yenyewe imo katika Sheria ya Kudhibiti Bunduki ya 1968, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Inawakataza watu wa aina fulani kuwa na bunduki au risasi, na miongoni mwao wamo wageni wa makundi mawili: wasio na hadhi halali ya kuwapo nchini, na walioingia kwa viza zisizo za uhamiaji, yaani viza za muda, kama hiyo yako ya masomo, ya utalii, au ya kazi ya kitaalamu ya H-1B. Kundi hili la pili halikuwamo tangu mwanzo. Februari 1997 mgeni mmoja, aliyekuwa amenunua bastola Florida wiki chache baada ya kuingia nchini, aliwafyatulia risasi watalii juu ya jengo la Empire State mjini New York, akaua mmoja, akajeruhi sita na kujiua mwenyewe. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliziba mwanya huo. Kwa hiyo unapoomba kushika bastola Houston, unaomba jambo lililofungwa kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, pengine kabla hujazaliwa.

Mlango haukufungwa wote. Wanadiplomasia wana nafasi yao, na walioingia kwa ajili ya uwindaji au mashindano ya shabaha wana yao, na vilevile mwenye viza ya muda aliyepata leseni halali ya uwindaji kutoka jimbo lolote la Marekani. Utawasikia watu wakikuambia ununue leseni hiyo mtandaoni na mambo yatakuwa yamekwisha. Kisheria msamaha huo upo kweli, lakini mimi nisingemshauri mwanangu auegemee bila kuketi kwanza na wakili wa uhamiaji, kwa sababu unasimama juu ya karatasi mbili zenye tarehe. Leseni ikiisha muda, au hadhi yako ya masomo ikivunjika kwa kuacha darasa moja tu bila idhini, msamaha umekwisha na huenda usijue.

Jambo hilo la kutojua lilifika hadi Mahakama ya Juu. Kijana mmoja kutoka Falme za Kiarabu, kwa jina Rehaif, alikuwa akisoma chuo kikuu Florida kwa viza kama yako. Chuo kilimwondoa kwa sababu ya alama zake, naye akabaki nchini. Baadaye alikwenda kwenye uwanja wa shabaha, jambo hilohilo unalofikiria wewe kulifanya Jumamosi, akafyatua risasi kwa silaha mbili. Alishitakiwa, akatiwa hatiani, akahukumiwa kifungo. Mwaka 2019 majaji saba kati ya tisa waliamua kwamba serikali inapaswa kuthibitisha kuwa mshitakiwa alijua kwamba ana silaha na pia alijua kwamba yumo katika kundi lililokatazwa. Ilikuwa nafuu kwake, lakini soma vizuri: hawakusema kwamba kufyatua silaha ya kukodi si kosa. Na wewe, ukishamaliza kusoma jibu hili, huwezi tena kusema hukujua.

Kuhusu Texas wenzako wamesema kweli nusu. Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi anaweza kubeba bastola bila kibali cha jimbo, mradi hakatazwi na sheria nyingine kuwa na silaha. Wewe unakatazwa na sheria ya shirikisho, na ukarimu wa jimbo hauifuti. Adhabu ya juu, tangu Juni 2022, ni miaka 15 jela badala ya 10 ya zamani. Kisha kuna uhamiaji, ambao una kifungu chake: mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama alihukumiwa kifungo kidogo, na hata kama alikuwa na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu.

Nina wasiwasi zaidi na hao unaoishi nao kuliko na hiyo Jumamosi. Kama mmoja ana bastola anayoiacha juu ya meza ya sebuleni au ndani ya droo mnayotumia wote, mwendesha mashitaka anaweza kudai kwamba nawe unayo. Mwombe mwenzako aiweke kwenye kasiki ambalo wewe hulijui namba yake. Asipokubali, tafuta chumba kwingine, na huo ni ushauri ninaoutoa bila kusita.

Sasa hofu yako, maana hiyo ndiyo iliyokufanya uandike. Kama hujaripoti polisi, ripoti, kwa sababu nakala ya ripoti itakusaidia kupata upya karatasi zilizokuwa kwenye pochi. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako ijulishwe. Vyuo vingi vya Marekani vina askari wa chuo au gari la kusindikiza wanafunzi usiku bila malipo, na wanafunzi wetu hawalitumii kwa sababu wanaona haya kuonekana waoga. Chupa ndogo ya pilipili ya kupulizia, ile inayouzwa madukani kwa kujilinda, inaruhusiwa Texas, lakini angalia kwanza kanuni za chuo. Mwandikie mwenye fleti kuhusu taa za maegesho, na umwandikie kweli, kwa barua yenye tarehe, usiishie kumwambia kwa mdomo. Na huko kukosa usingizi kuna wahudumu wa ushauri nasaha chuoni ambao gharama yao mara nyingi imo ndani ya ada unayolipa tayari.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Louisville, Kentucky. Tulitoka Fizi, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, na tuko hapa tangu 2016. Mume wangu ana grini kadi na anafanya kazi ya usiku ghalani. Juzi nyumba ya jirani ilivunjwa, na sasa mume wangu anasema atanunua bastola ili mimi na watoto watatu tuwe na kinga akiwa kazini. Rafiki yake wa kanisani, ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, amemwomba amnunulie na yeye moja, pesa atarudisha. Mimi bunduki niliikimbia. Je, mume wangu ana haki? Na nikimkatalia, nitakuwa namnyima nini hasa? (Mama wa Watatu, Louisville)

JIBU: Mama, haki anayo. Mkaazi wa kudumu hayumo katika makundi niliyomtajia kijana wa Houston, wala ninyi mlioingia kama wakimbizi hamkuwahi kuwa watu wa viza ya muda. Atakwenda kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, atoe kitambulisho chenye anuani anayoishi sasa, na atajaza fomu namba 4473, ambapo ataandika pia namba yake ya uhamiaji. Muuzaji ataulizia jina lake kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kazi 1998. Jibu huweza kuja kwa dakika chache, na likichelewa zaidi ya siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kumkabidhi. Kwa bastola umri ni miaka 21.

Fomu hiyo nimeitafsiri mahakamani mstari kwa mstari, kwa hiyo naomba muisome wote wawili kabla hajatia sahihi, maana kudanganya humo ni kosa la jinai hata kama bunduki hakuipata. Swali mojawapo ni kama mnunuzi ndiye mwenyewe atakayekuwa na silaha. Hapo ndipo rafiki wa kanisani anapomwingiza mumeo shimoni. Sisi tumelelewa katika kununuliana vitu: mwenye nafasi anamchukulia mwenzake simu, friji, hata gari, na kumkatalia ndugu wa kanisani huonekana ni roho mbaya. Kumnunulia mwingine bunduki kwa kujifanya ni yako ni kosa ambalo tangu 2022 lina kifungu chake chenye adhabu ya hadi miaka 15. Na kwa kuwa rafiki mwenyewe hana karatasi, kumpa silaha ukijua hivyo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Mumeo akatae leo, kwa maneno mafupi, asiache hata ujumbe wa simu wa "tutaona".

Swali jingine linauliza kama mnunuzi hutumia bangi au kilevi kingine kinachodhibitiwa, na fomu inaonya kwamba bangi inabaki marufuku kwa sheria ya shirikisho hata pale jimbo lilipoihalalisha. Watu wetu husoma "bangi", wanajibu hapana kwa furaha, na mfukoni wana fungu la mirungi. Kathinoni, ile nguvu iliyomo ndani ya mirungi mibichi, imewekwa na Marekani katika daraja la juu kabisa la vitu vilivyokatazwa. Sisemi kwamba mumeo anatafuna. Nasema kwamba swali hilo linamhusu mtu wa Meru, wa Harar na wa Lushoto kuliko linavyoonekana.

Tena kama kumewahi kuwa na ugomvi wa nyumbani uliofika mahakamani, amri ya kumlinda mke au hukumu ya kumpiga mwenzi, hata ya kosa dogo, inaweza kumnyima haki ya kuwa na bunduki. Wengi hukubali kosa hilo haraka ili warudi kazini Jumatatu, bila kuulizwa na yeyote kama wanafahamu wanachokiacha.

Nakuja kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa. Mumeo anafanya kazi usiku. Yeye ndiye anayenunua, lakini wewe ndiye utakayelala nayo, na katika barua yako hakuna mahali uliposema kwamba uliombwa maoni. Mwulize akueleze polepole usiku wenyewe utakavyokuwa: mlango umegongwa saa nane, wewe umeamka, watoto wawili wako chumba cha pili, bastola iko wapi, ufunguo uko wapi, na unajuaje kwamba aliye sebuleni si mtoto wako mkubwa aliyekwenda kunywa maji?

Takwimu za Marekani zinafundisha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini humu, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Watafiti waliofuatilia mamilioni ya watu California, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022, waligundua kwamba watu wazima wasio na bunduki wanaoishi na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango kilichozidi mara mbili cha wale wanaoishi katika nyumba zisizo na bunduki. Nawataja hao kwa sababu katika nyumba yenu mtu huyo ni wewe. Na sisi tuliopitia vita, au tuliokaa karibu na waliopitia, tunajua kwamba kuna usiku ambao mtu huamka akiwa bado yuko kule. Mumeo akiwa na usiku wa namna hiyo, hilo ni jambo la kuzungumza na daktari kabla ya kwenda dukani.

Kwa hiyo ukimkatalia, unamnyima kitu ambacho sheria inampa na ambacho huenda kisikulinde. Mnaweza kukubaliana yafanyike haya kwanza: bamba la komeo la mlango wa mbele lifungwe kwa skrubu za inchi tatu zinazoingia hadi kwenye nguzo ya ukuta, maana zile fupi za kiwandani huchomoka kwa teke moja, taa inayowaka yenyewe mtu akipita uani, na wewe uzoee kupiga 911, namba ya dharura. Ukipiga, sema neno moja tu, "Swahili", kisha anuani yako, na usikate simu. Watakutafutia mkalimani kwa njia ya simu. Jizoezeni na watoto kuitaja anuani kwa Kiingereza hadi itoke bila kufikiri.

Akinunua hata hivyo, muuzaji mwenye leseni analazimika kumpa kufuli au kifaa cha kuhifadhia pamoja na bastola. Kufuli hilo lisibaki ndani ya boksi. Bastola ikae bila risasi ndani ya kasiki, na risasi zifungiwe mbali nayo. Juu ya kabati la nguo si mahali pa siri. Watoto wanaojua zawadi za Krismasi zimefichwa wapi wanajua na hapo.

Neno moja kuhusu kuibeba bastola garini. Asiseme kwamba kuwa na karatasi halali kunamaliza kila kitu. Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, Mmarekani mweusi mwenye kibali cha kubeba bastola, alisimamishwa na polisi, akamwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha, na akapigwa risasi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Askari huyo aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata.

SWALI: Nasafirisha gari kwenda Mombasa kwa kontena. Bastola yangu niliinunua kihalali hapa Minnesota. Naweza kuifungia ndani ya mlango wa gari kwa ajili ya kaka yangu mwenye duka? (Mfanyabiashara)

JIBU: Hapana. Kuitoa Marekani bila leseni ya kuisafirisha nje ni kosa, kuiingiza Kenya bila kibali ni kosa jingine chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kaka yako ndiye atakayekuwa amesimama bandarini kontena likifunguliwa. Kama ana haja ya kweli, aombe mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha huko Kenya.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa wazee huko Leicester, Uingereza. Narudi nyumbani kwa basi la mwisho. Binamu yangu aliyeko Marekani ameniletea pilipili ya kupulizia ndani ya mfuko wa zawadi. Ninaiweka kwenye mkoba. Nifanye mazoezi gani ya kuitumia? (Dada wa Zamu ya Usiku)

JIBU: Dada yangu, usifanye mazoezi yoyote. Itoe kwenye mkoba, pigia wakili au kituo cha msaada wa kisheria uulize namna ya kuikabidhi, na usitembee nayo hadi hapo. Zawadi ya binamu yako, ambayo Marekani inauzwa karibu na mahali pa kulipia, Uingereza ni silaha iliyopigwa marufuku chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1968, katika kifungu kilekile kinachozikataza bunduki za rashasha. Hakuna anayekuuliza kama ulikusudia kujilinda. Kwa mtu anayeishi kwa viza ya kazi, kosa la namna hiyo linaweza kumfuata hadi kwenye maombi ya kuongeza muda.

Waingereza wamelikaza jambo hili kwa makusudi. Baada ya mauaji ya shule ya Dunblane, Scotland, Machi 1996, ambapo watoto 16 na mwalimu wao waliuawa, karibu bastola zote za watu binafsi zilipigwa marufuku mwaka 1997. Visu navyo vina mipaka: kutembea hadharani bila sababu ya msingi na kisu kisicho kile kidogo cha kukunja, chenye makali yasiyozidi inchi tatu na kisichojifunga kikikunjuliwa, ni kosa, na panga la bustani lililosahaulika kwenye buti ya gari litahitaji maelezo. Unachoruhusiwa ni king'ora kidogo cha mkononi ambacho ukivuta kamba kinapiga kelele. Mwajiri wako naye ana wajibu wa kujali usalama wa mfanyakazi anayefanya kazi peke yake, kwa hiyo mwandikie kuhusu hilo basi la mwisho.

SWALI: Assalaam alaykum. Binti yangu wa mwisho amepata nafasi ya chuo Ohio na ataondoka Agosti. Ninayoyaona kwenye televisheni yananitisha. Amwambie nani, akae vipi, afanye nini akikutana na mtu mwenye silaha au polisi? Nimefikiria nimpakie jambia la marehemu babu yake, angalau awe na kitu chumbani. (Mzazi, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Kuhusu bunduki, atakuwa na viza ya masomo, kwa hiyo jibu la kijana wa Houston ndilo lake. Nitakuambia kile ambacho vyuo havikiandiki kwenye vitabu vyao vya kukaribisha wageni, na kinaanzia kwenye neno hodi.

Binti yako amelelewa mahali ambapo mtu akipotea njia anakwenda kwenye nyumba ya kwanza yenye taa, anapiga hodi, anasubiri karibu, na akiwa hakusikiwa anasogea hadi uani na kupiga tena. Marekani, mlango wa mtu usiyemjua usiusogelee. Oktoba 1992 kijana wa Kijapani, Yoshihiro Hattori, mwenye miaka 16, aliyekuwa Baton Rouge, Louisiana, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alikwenda yeye na mwenzake kwenye sherehe wakakosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bastola akamwamuru kwa neno "freeze", ambalo katika kamusi ni kuganda kwa barafu, na kinywani mwa mtu mwenye silaha ni amri ya kusimama palepale ulipo bila kujongea. Kijana aliendelea kusogea, na alipigwa risasi moja kifuani, akafa. Mahakama ya jinai ilimwachia mwenye nyumba mwaka 1993, ingawa baadaye mahakama ya madai ilimtaka awalipe wazazi fidia. Wazazi walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja na nusu kuiomba Marekani idhibiti bunduki, wakazipeleka hadi kwa Rais Clinton.

Msijiambie kwamba hayo ni ya zamani. Aprili 2023, Kansas City, kijana Ralph Yarl, ambaye wazazi wake wana asili ya Liberia, alitumwa kuwachukua wadogo zake. Nyumba ilikuwa kwenye mtaa unaoitwa 115th Terrace, yeye akaenda 115th Street, akabonyeza kengele, na mzee wa miaka 84 akampiga risasi kupitia mlango wa kioo. Yeye alipona. Tofauti ilikuwa neno moja katika anuani. Kwa hiyo mfundishe binti yako kuisoma anuani hadi herufi ya mwisho, kumpigia simu mwenyeji akiwa bado barabarani, na kumsubiri ndani ya gari au penye taa za barabara hadi mwenyeji atoke mwenyewe. Ataona ni ufidhuli. Mwambie kwamba huko ndiyo adabu.

Kwa polisi, mikono ndiyo inayozungumza kwanza. Sisi tukiulizwa na askari, tunawahi kutoa kitambulisho ili kuonyesha utii. Februari 1999, New York, Amadou Diallo, kijana wa Guinea mwenye miaka 23, alikuwa mlangoni pa jengo alilokuwa akiishi, akaingiza mkono kutoa kitu kilichokuja kuonekana kuwa ni pochi, na askari wanne wakafyatua risasi 41. Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, Patrick Lyoya, ambaye familia yake ilikimbia vita vya Kongo, alisimamishwa kwa sababu ya namba ya gari. Alishuka bila kuelewa kwamba huko dereva hubaki ndani, askari akamwuliza kama anaongea Kiingereza, wakashikana, na mwisho alipigwa risasi kichwani kwa nyuma. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, kupitia mkalimani. Mwaka 2025 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani lilishindwa kukubaliana kuhusu askari huyo, na kesi ikaishia hapo. Nilisikiliza sauti ya yule baba mara mbili, kisha nikazima redio.

Binti yako akisimamishwa akiwa kwenye gari, abaki ameketi, mikono juu ya usukani au juu ya mapaja ionekane, asifungue pochi wala droo hadi aambiwe, na kabla ya kuusogeza mkono aseme anachokwenda kukichukua. Maneno "freeze", "don't move", "hands up" na "drop it" ayajue kwa masikio, maana yatatamkwa haraka na kwa sauti ya kufoka. Mzee, kaa naye barazani umfokee maneno hayo mara kadhaa wiki hizi zilizobaki. Mtacheka, na ni vizuri mcheke.

Jambia la babu yake libaki Pemba, palepale ukutani lilipo. Vyuo vingi havitaki makali ya namna hiyo bwenini, na msichana aliyefika wiki ya kwanza hafai kuanza maisha kwa kumweleza msimamizi wa bweni historia ya Oman.